Ukitaka Kumsaidia Mama wa Kivu

Ukinyoosha mstari kwenye ramani, Mwanza iko karibu na Goma, mji wa mashariki ya Kongo, kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Mvuvi wa Kigoma na mvuvi wa Uvira wanavua ziwa moja. Mama anayeuza sombe, yaani kisamvu, sokoni Goma hupatana bei kwa Kiswahili, na mwanawe akishikwa na homa usiku humwombea kwa Kiswahili. Tangu Julai 2022 nchi yake, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama zilivyo zetu. Vita vilipomkuta, wengi walisikitika, wakatuma video moja au mbili kwenye kundi la WhatsApp, kisha wakanyamaza. Siamini kwamba ni roho mbaya. Watu hawajui waanzie wapi. Namwandikia msomaji huyo, anayetaka kusaidia lakini hana mamilioni wala cheo, na hawezi kufunga safari ya Kivu.

Kwanza tuelewane hali ilivyo. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 27, 2025, na katikati ya Februari wakaichukua Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba Rwanda inawaunga mkono kwa askari na silaha, ingawa Rwanda inakanusha. Kandokando ya Goma kulikuwa na makambi makubwa ya watu waliokimbia vijiji vyao, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya. Baada ya mji kuchukuliwa, makambi hayo yalivunjwa na familia zikaambiwa zirudi zilikotoka, nyingi zikiwa hazina tena nyumba wala shamba la kurudia. Wakati huo, katika nchi nzima, watu waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka walikuwa wamepita milioni 7.

Na M23 hawako peke yao. Mkoani Ituri kuna makundi mengine yenye silaha, CODECO na ADF. Kwenye milima ya Kivu kuna FDLR na makundi yanayojiita Wazalendo. Askari wa serikali nao wametajwa tena na tena katika ripoti za ubakaji. Nayasema haya mapema kwa sababu mtu akianza kwa kuchagua upande wa wenye bunduki, atajikuta anawalilia wanawake fulani na kuwasahau wengine. Mama Mnyamulenge wa Minembwe, mama Mnande wa Beni, mama Mhema na mama Mlendu wa Ituri wote wamezika watoto. Anayeulizia kabila la mama kabla ya kutoa mchango wake, heri akae nao.

Jambo la pili la kuelewa ndilo linalobeba ushauri wote unaofuata: wanawake wa mashariki ya Kongo hawakukaa kutusubiri. Wamejipanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2000 Julienne Lusenge na wenzake walianzisha SOFEPADI, shirika la wanawake linalofanya kazi Ituri na Kivu Kaskazini. Kituo chao cha tiba mjini Bunia kinaitwa Karibuni wa Mama. Mwaka 2007 Lusenge akashiriki kuanzisha Mfuko wa Wanawake wa Kongo, unaogawa ruzuku ndogondogo kwa vikundi vya akina mama ambavyo wafadhili wakubwa hawavioni kwa sababu havina ofisi wala gari. Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Haki za Binadamu mwaka 2023. Huko Bukavu, Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu makumi ya maelfu ya wanawake waliobakwa, na Mukwege akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Goma iko hospitali ya HEAL Africa. Tena chini ya hayo yote viko vikundi visivyo na jina lolote magazetini: akina mama wanaocheza likelemba, yaani mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, wanaochangia mazishi, wanaopokezana kulea watoto wa aliyeuawa.

Kwa hiyo usiwaze utawaanzishia nini. Waza namna ya kuwaongezea nguvu katika kile wanachokifanya tayari. Hilo likikaa kichwani, maamuzi mengi yanakuwa mepesi.

Nianze na pesa, maana ndipo watu wengi wanapokwama. Kila vita vinapowaka, utasikia mtaa fulani au usharika fulani unakusanya nguo, mablanketi, sabuni na unga upelekwe Kongo. Nia ni njema. Lakini mzigo huo unahitaji lori, dereva aliye tayari kuingia kwenye eneo la vita, vibali vya forodha, ghala, na walinzi. Mpaka ufike, kama utafika, umekula gharama kuliko thamani yake. Goma na Bukavu zina masoko. Unga, maharage, vitenge na sabuni vinapatikana pale pale, vinauzwa na wanawake walewale unaotaka kuwasaidia. Anachokosa mama ni hela ya kununua. Ukituma hela, umemsaidia aliyenunua na umemsaidia aliyeuza. Nguo zako za zamani wape walio jirani.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea pesa, nayo inahusu saa. Mwanamke aliyebakwa anatakiwa afike kwenye tiba ndani ya saa 72 ili dawa za kinga dhidi ya VVU, zile zinazoitwa PEP, ziweze kumsaidia, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina muda mrefu kidogo, hadi saa 120. Sasa fikiria kijiji kilicho juu ya Masisi au ndani ya Walikale, barabara mbovu, vizuizi vya watu wenye silaha, na zahanati yenye dawa iko mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kinachoamua kama mama huyo ataambukizwa au la kinaweza kuwa nauli ya pikipiki. Shirika la wenyeji lenye akiba kidogo mkononi linaweza kuitoa nauli hiyo saa ileile. Shirika ambalo kila senti yake imefungwa kwenye mradi wa ushonaji mpaka Desemba haliwezi. Ndiyo maana, unapochangia, andika wazi kwamba mchango wako utumike pale watakapoona panahitaji zaidi. Usiwawekee masharti. Wanaijua kazi yao kuliko wewe na mimi.

Pengo limekuwa kubwa zaidi tangu mwaka 2025, pale Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Dawa hizo nilizozitaja ni miongoni mwa vilivyopungua. Mchango wa kikundi cha watu ishirini hauzibi pengo la serikali tajiri, hilo tuliseme kwa ukweli. Lakini kwa yule mama wa Walikale hesabu haiendi kwa mabilioni. Inaenda kwa nauli na kwa vidonge vya siku 28.

Basi kikundi kifanyeje? Tuna utaratibu mzuri tayari: vikoba Tanzania, vyama Kenya, jumuiya ndogondogo makanisani, mifuko ya zaka na sadaka misikitini. Watu ishirini wakitoa shilingi 5,000 za Tanzania kila mwezi, wanapata 100,000. Naomba usiidharau hesabu hiyo, na zaidi usilidharau neno "kila mwezi". Misaada kwa Kongo huja kama mafuriko wiki ambayo picha ziko kwenye televisheni, kisha inakauka wakati mwanamke ndiyo kwanza anatoka hospitali na kuanza kutafuta pa kuishi. Shirika likijua kwamba kiasi fulani, hata kidogo, kitaingia kila mwezi kwa mwaka mzima, linaweza kumwajiri muuguzi au mshauri wa wanawake na kumbakisha. Kwa maoni yangu, shilingi 5,000 za mara kumi na mbili zina faida kuliko 60,000 za siku moja.

Kuhusu wa kumpa: mashirika niliyoyataja hapo juu yanajulikana na yana tovuti zake, nawe unaweza kuyachunguza. Yapo pia mashirika ya kimataifa yenye utaratibu wa mchangiaji mmoja kumfadhili mwanamke mmoja. Women for Women International, lililoanzishwa mwaka 1993, hufanya hivyo Kivu Kusini, ambako mwanamke hupata mafunzo na posho kwa muda wa mwaka mmoja. Ukikutana na shirika usilolijua, uliza maswali ya kawaida ambayo ungemuuliza mtunza hazina wa kikundi chenu. Nani anaongoza, na je, kuna wanawake wa huko ndani ya uongozi? Wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingapi? Mwaka jana walipata kiasi gani na walikitumiaje? Nani mwingine anayewajua, kama kanisa, hospitali au kikundi kingine? Na angalia picha wanazoweka. Shirika linaloonyesha uso wa msichana aliyebakwa, jina lake na kijiji chake, ili upate huruma ufungue pochi, limeshakuonyesha jinsi linavyomthamini. Usilipe.

Jihadhari na namba za simu zinazosambazwa zikiwa na picha ya mtoto anayelia na maneno ya kuharakisha. Matapeli wanajua siku ambayo mioyo yetu iko laini. Mtu wa kweli hatakasirika ukimwambia utajibu kesho baada ya kuuliza.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo mara nyingi ni nzuri kuliko zote: kumpitia Mkongomani unayemjua. Mama wa Kikongomani anayekuuzia vitenge Nairobi au mnayesali naye Kampala huenda ana dada yake Goma au binamu Uvira, na huenda yeye mwenyewe hutuma pesa kila anapopata. M23 walipoingia Goma benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, noti zikawa adimu. Waliokuwa wanajua pesa zinapita wapi, wakala gani ana fedha taslimu na nani anakata makato ya kumuumiza mtu, ni familia hizo. Muulize kwa heshima kama unaweza kumchangia ndugu yake, nawe ukubali jibu lolote atakalokupa. Anaweza kukataa kwa sababu hataki ijulikane kwamba ndugu yake hupokea pesa kutoka nje. Mwenye pesa huvamiwa.

Hapo tumefika kwa jirani, na hapa nitakaa, maana ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili wana uwezo mkubwa kuliko mfadhili yeyote wa Ulaya. Wanawake wa vita hivi hawako Kongo tu. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na wapo wanawake waliozaliwa humo ambao sasa ni mama wenyewe. Wako Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, wako Kakuma nchini Kenya. Mwaka 2025 makumi ya maelfu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, wengine wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Wako pia kwenye nyumba za kupanga za mitaa yetu, wakisuka nywele, wakishona, wakitembeza vitenge mabegani.

Ukimnunulia, mnunulie kwa bei ya haki. Usitumie ukimbizi wake kupunguziwa. Ukimwajiri kufua au kupika, mlipe kama unavyomlipa mwingine na umlipe siku mliyokubaliana, kwa sababu anajua hana pa kukushtaki na wewe unajua hivyo. Kama mtoto wake amekataliwa shule kwa kukosa karatasi, nenda naye kwa mwalimu mkuu. Sauti ya mwenyeji mlangoni pa ofisi hufungua mambo ambayo barua tano za mkimbizi hazikufungua. Sheria zinatofautiana kati ya nchi na nchi: Uganda humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea kwa uhuru, wakati Tanzania humtaka akae kambini na kuomba kibali cha kutoka. Kwa hiyo kabla ya kumwahidi mtu makazi au kazi, uliza kwanza ofisi ya wakimbizi au shirika la msaada wa kisheria, usije ukamwingiza matatani kwa wema wako.

Na usimwombe akusimulie. Hili naliomba kwa moyo wangu wote. Watu wengi wakisikia mama ametoka Kongo, swali la pili au la tatu ni "walikufanyia nini?" Amekwisha kuulizwa hivyo na afisa wa mpaka, na daktari, na mwandishi wa habari, na mtu wa shirika mwenye fomu. Kila anaposimulia anairudia siku ile. Mwaka 2022 ulizinduliwa mwongozo wa kimataifa unaoitwa Murad Code, kwa jina la Nadia Murad, unaowataka wanaokusanya ushuhuda wa manusura wa ubakaji wa vitani wahakikishe kwanza kuna sababu ya kweli ya kuuliza na kwamba aliyeathirika ameridhia kwa hiari yake. Ikiwa watu wenye kazi hiyo wanaambiwa wajizuie, sisi majirani tuna haki gani ya kudadisi? Zungumza naye habari za bei ya mchele, za watoto, za kwaya. Akitaka kusema, siku moja atasema. Siku hiyo nyamaza usikilize. Usimwambie "yamepita, sahau", wala usimuulize alikuwa anaelekea wapi peke yake. Mwambie hana kosa lolote, kwamba unamwamini, na umuulize angependa umsaidie nini. Kisha usimwambie mtu. Hata mumeo au mkeo.

Na ukimbizi wenyewe una hatari zake. Wanawake hubakwa safarini, kambini wanapotafuta kuni, na mijini na wenye nyumba wanaowadai kodi. Ikitokea, kumbuka zile saa 72. Mpeleke hospitali kwanza. Tanzania kuna fomu ya polisi ya PF3, Kenya kuna P3, na zote zina umuhimu wake kwa kesi, lakini dawa za kinga hazipaswi kusubiri karatasi. Simama hapo uombe aanze kutibiwa. Uliza kama hospitali ya mkoa ina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Vituo vya polisi vingi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Asipotaka kushtaki, ni uamuzi wake. Tiba ni haki yake hata hivyo.

Wanaume wanaosoma hapa wana kazi yao. Wanawake wengi wa Kivu waliobakwa walifukuzwa na waume zao, na watoto waliozaliwa kwa ubakaji wakapewa majina ya kuwadhalilisha. Marehemu Rebecca Masika Katsuva, aliyefariki mwaka 2016, alikataliwa na wakwe zake baada ya kubakwa na mumewe kuuawa; yeye akafungua nyumba yake huko Kivu Kusini kwa wanawake na watoto waliokataliwa kama yeye. Aibu hiyo haikuishia mpakani. Imehamia kambini na mijini. Mwanamume anayeheshimiwa msikitini, kanisani au kwenye baraza la wazee akisimama akasema kwamba mwenye aibu ni aliyebaka, maneno yake yanafika mahali ambapo maneno yangu hayafiki.

Wasomaji wetu walioko Ulaya, Kanada na Marekani wana kitu cha kutoa ambacho mwenzao wa Tabora hana nafasi ya kukitoa. Wakongomani wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliohamishiwa Marekani katika miaka ya karibuni, na wanawake wengi kati yao hawazungumzi Kiingereza. Mara nyingi mama huenda kliniki akitafsiriwa na mwanawe wa miaka kumi na miwili. Mtoto huyo atatafsirije maumivu ya mama yake ya chini ya tumbo? Jitolee kutafsiri, na kama wewe ni mwanamke, sema wazi kwamba uko tayari kwa kliniki za akina mama. Pata mafunzo mafupi ya ukalimani kwanza. Hospitali nyingi na mashirika ya kupokea wahamiaji huyatoa. Tafsiri alichosema bila kukifupisha au kukipamba, na siri ya chumba kile ibaki chumbani. Kiswahili chake hakitakuwa sawa na chako. Usimcheke wala kumsahihisha. Muulize anamaanisha nini, mkaelewana. Aliye nyumbani na kompyuta yake anaweza kutafsiri maandishi kupitia CLEAR Global, shirika lililojulikana awali kama Translators without Borders, ambalo lilifanya kazi ya Kiswahili cha Kongo wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020.

Kuhusu simu zetu, naomba mambo machache tu. Usisambaze video ya mwanamke anayedhalilishwa, hata kama nia ni kulaani. Kila anayeifungua anamdhalilisha upya. Usiweke hadharani jina wala mahali alipo mwanamke anayetoa msaada ndani ya eneo linaloshikiliwa na waasi. Wewe unamsifu, mwenye bunduki anasoma. Usipeleke mbele ujumbe unaosema kabila fulani zima ni nyoka au ni wavamizi, hata ukitumiwa na mtu unayemheshimu. Maneno hayo huanza kwenye simu na kuishia mlangoni kwa mama fulani, Uvira au Bunia. Kama unataka kujua kinachoendelea, Radio Okapi hutangaza kwa Kiswahili pia, na imekuwapo tangu mwaka 2002.

Wengi huuliza kuhusu madini, kama wasusie simu kwa sababu ya koltani. Ni kweli kwamba Rubaya, katika Masisi, ina mojawapo ya machimbo makubwa ya koltani duniani, na M23 waliuteka mji huo mwaka 2024. Ni kweli kwamba kodi ya madini hununua risasi. Lakini mwaka 2010 serikali ya Kongo ilipositisha uchimbaji wa mashariki kwa miezi kadhaa, walioumia kwanza ni wachimbaji wadogo na wanawake waliokuwa wakiwauzia chakula na kubeba mizigo. Mimi simshauri mtu asusie. Tunza simu yako, itengeneze ikiharibika, na nguvu uliyotaka kuitumia kususia uipeleke kwa wanasiasa.

Kwa maana wanasiasa wetu wamo ndani ya jambo hili moja kwa moja. Februari 8, 2025, marais wa Afrika Mashariki na wa Kusini mwa Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia Goma. Bunge la Afrika Mashariki linakaa Arusha, na kila nchi mwanachama huchagua wabunge 9. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hiyohiyo, ilikubali mwaka 2025 kwamba ina mamlaka ya kusikiliza kesi ambayo Kongo imeifungulia Rwanda. Mikataba ya kutafuta amani ilitiwa saini Washington na Doha mwaka huohuo. Karibu kila picha ya mikutano hiyo ni wanaume wenye suti. Azimio 1325 la Baraza la Usalama, linalotaka wanawake washiriki katika kutafuta amani, lilipitishwa Oktoba 2000. Robo karne imepita.

Mwandikie mbunge wako, na mwandikie mmoja wa wale wabunge 9. Barua iwe fupi na iombe vitu vinavyoweza kujibiwa. Je, ujumbe wa nchi yetu utadai viti vya wanawake wa Kivu na Ituri kwenye mazungumzo, na vingapi? Je, mipaka itabaki wazi kwa wanaokimbia? Je, serikali itahakikisha hakuna mkimbizi wa Kikongomani anayerudishwa kwa kulazimishwa? Baada ya mwezi, uliza tena wamefikia wapi. Barua moja hutupwa. Barua arobaini kutoka usharika mmoja au msikiti mmoja husomwa, kwa sababu mwanasiasa anajua kuhesabu kura.

Huwezi kuyafanya yote haya, na hakuna anayekutaka uyafanye yote. Chagua moja linaloendana na ulipo. Aliye karibu na kambi aanze na jirani, aliye Minneapolis aanze na kliniki, mwenye kikoba aanze na mchango wa mwezi. Kikao chenu kijacho, ongezeni ajenda moja. Amueni kiasi, chagueni shirika mlilolichunguza, mteue mtu mmoja wa kutuma na kuleta taarifa kila mwezi. Na habari za Kongo zikitoweka kwenye televisheni, kama zitakavyotoweka, endeleeni kutuma.